Programu Iliyojua Kuimba

Nina duka la steshenari hapa Kilosa, si mbali na stesheni ya reli. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nalaminisha vyeti, natengeneza ratiba za mazishi na kadi za harusi. Juu ya printa nimebandika karatasi niliyoichapa mwenyewe kwa herufi kubwa: UKITUMIWA UJUMBE KUWA AKAUNTI YAKO ITAFUTWA USIPOBONYEZA, USIBONYEZE, HAO NI MATAPELI. Imekaa pale miaka. Wateja huisoma wakisubiri kopi zao, na wengine hunishukuru utadhani nimewatibu. Naitaja mapema kwa sababu karatasi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mimi pia ni mwanakwaya, sauti ya pili, yaani alto, tangu darasa la tano. Kwaya za huku kwetu hatusomi zile nota za mistari zenye vichwa vyeusi na mikia. Tunasoma herufi. D ni do, r ni re, m ni mi, mpaka juu, na katikati yake kuna nukta mbilimbili na vistari vya kuonyesha pigo linaanzia wapi na sauti inashikwa mpaka wapi. Wamisionari waliziacha huko milimani, na wazee wetu wakazishika kuliko waliozileta. Mtu asiyejua akiona ukurasa wetu hudhani mtoto amechezea taipureta.

Zamani nilikuwa nanakili nyimbo kwa mkono. Wimbo mmoja wa sauti nne ulikula alasiri nzima, maana huwezi kuandika herufi bila kuiimba. Mdomo unatangulia, kalamu inafuata. Ukimaliza kunakili unaujua wimbo ule, utake usitake.

Halafu nikapata programu. Mwanakwaya mmoja wa Kimamba aliyekuwa akisoma Morogoro ndiye aliyenionyesha, nami baadaye nikainunua kihalali, mara moja tu, ikawa yangu. Ukiandika nota zetu, nasema zetu, si zile za mistari, ilizipanga ukurasani zikanyooka, sauti nne moja chini ya nyingine. Kisha ukibonyeza kitufe ilikuimbia. Sauti yake haikuwa nzuri, ilikuwa ya kinanda cha kuchezea. Lakini ilikuwa sahihi, haikupanda, haikushuka, haikuona haya mbele ya watu. Ukitaka kusikia besi peke yake unazizima nyingine tatu. Jamani, niliipenda programu ile, nasema kweli, niliipenda kuliko inavyofaa kupenda kitu cha kwenye kompyuta.

Na aliyeitengeneza alikuwa mtu. Nalijua hilo kwa sababu nilimwandikia. Vistari vyetu vya kushika sauti vilikuwa vinakatika ukichapa kwenye karatasi, nikaandika imeili kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Baada ya siku mbili akajibu mwenyewe, akaniuliza kwaya yetu ina watu wangapi na tunaimba wapi, na toleo lililofuata vistari vikawa vimenyooka. Nilisimama mbele ya kwaya nikatangaza. Wakapiga makofi. Besi mmoja akauliza kama huyo bwana tumwalike kwenye sikukuu ya mavuno.

Sasa nieleze habari za Mwalimu. Alitufundisha shule ya msingi hapa Kilosa, akatufundisha na kwaya, na alipostaafu alihamia Mikumi, kwenye nyumba aliyojenga kando ya barabara kuu. Nyimbo nyingi tunazoimba ni zake. Presha ya macho ilimchukua macho yote mawili polepole, na kuanzia hapo mkewe ndiye aliyekuwa akimwandikia. Yeye anatamka herufi, mkewe anaandika daftarini, kisha anamwimbia alichoandika ili asahihishe. Mkewe sote tulimwita Mama. Alikuwa alto. Mimi nilisimamishwa kushoto kwake nikiwa darasa la tano, nafasi ya tatu kutoka kushoto, na kila nilipovutwa na soprano alinigusa kwa kiwiko mpaka nirudi kwenye njia yangu. Hakuwahi kunigeukia wala kunisema, ni kiwiko tu.

Mama alipofariki Mwalimu alinyamaza. Hakutunga chochote kwa zaidi ya mwaka. Nikaona nijitie kimbelembele, nikafunga kompyuta kwenye kitenge nikapanda basi la Mikumi. Nikamsalimia, akaitikia marahaba, nikamwambia nimemletea msomaji. Nikabonyeza kitufe. Programu ikamwimbia wimbo wake mwenyewe, ule wa zamani tuliouimba shuleni, sauti nne. Aliinamisha kichwa.

"Teno, mstari wa pili," akasema. "Umeniandikia la. Mimi niliandika so."

Nikaangalia. Kweli, nilikosea. Basi kazi ikaanza hapo. Kila Jumamosi ya pili nilifunga duka nikaenda Mikumi. Tulikaa barazani, yeye anatamka, mimi nachapa, programu inaimba, yeye anasahihisha. Malori yakipita kuelekea Iringa tunasubiri. Nyani wakija kwenye mahindi ya jirani tunasubiri tena, maana alikuwa hawezi kufikiri watu wakipiga mabati kuwafukuza.

Siku moja akaniuliza, "Na daftari? Mama alikuwa anaandika daftarini."

Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka jinsi yalivyotoka, kwa lile tabasamu la mtu mwenye duka lenye printa mbili: "Daftari la nini tena, Mwalimu? Kila kitu kipo humu."

Haya. Sasa programu yenyewe. Yule bwana aliiuza. Sijui kwa nini, pengine alizeeka, pengine alichoka na imeili za watu kama mimi. Walionunua wakabadilisha kwanza rangi, kisha picha ya kubonyeza, kisha neno la kukukaribisha. Hayo sikuyajali. Nikaandika kuuliza jambo dogo, nikajibiwa na "timu," na timu haikuniuliza kwaya yetu ina watu wangapi. Hao nao wakauzwa kwa wengine wakubwa zaidi. Kila apdeti ikaja na kitu kimoja cha kung'aa na kuondoka na kimoja cha maana. Ikawa lazima uwe na bando ndipo ifunguke, hata kama wimbo ni wako na kompyuta ni yako. Ikawa ya kulipia kila mwezi. Kisha nyimbo zenyewe zikahamishiwa kwao, huko wanakoita kwenye wingu, na kwenye kompyuta yangu yakabaki majina tu. Nikabonyeza Kubali. Nani anasoma yale maandishi?

Ningeweza kuiacha. Watu waliniambia niiache. Nilikuwa nimezoea, tena nilikuwa mbishi, kama mtu anayeendelea kwenda mgahawa uleule huku mpishi ameshaondoka, anakula wali mbichi na kusema leo tu, kesho watajirekebisha.

Wimbo ninaotaka kuusema ulitungwa wakati huo, wa wingu. Familia ilikuwa imepanga kujengea kaburi la Mama na kuweka msalaba wa kudumu, na kwa desturi yetu siku hiyo kuna ibada, kwaya inaimba, watu wanakula. Mwalimu akasema wimbo wa siku hiyo atautunga yeye. Soprano alikuja nayo tayari kichwani, alikuwa nayo wiki nyingi. Besi vilevile. Teno ni sauti yake mwenyewe, aliitamka bila kusita. Alto akaiacha mwisho.

Alto ilichukua alasiri moja nzima. Nilikuwa nabonyeza, programu inaimba zile sauti tatu, naye anatafuta njia ya kupita katikati yake kwa mdomo uliofungwa. "Piga tena," anasema. Nabonyeza. "Piga tena." Nilihesabu mpaka nikachoka kuhesabu. Mwisho akatamka herufi zote mfululizo, haraka, utadhani kuna mtu anamsomea, nami nikachapa. Tukasikiliza sauti nne pamoja. Akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba. "Huyo ndiye," akasema. "Huyo ndiye hasa, hapandi ovyo." Akaomba kusikia alto peke yake, nikazizima zile tatu, akaisikiliza mara mbili akiwa ameegemea ukuta. Kisha tukanywa chai.

Mimi sikuiimba hata mara moja. Kwa nini niimbe wakati mashine inaimba? Nilichapa herufi, basi.

Sikuchapa karatasi pia, na hilo lina sababu zake. Sisi kila sauti hupewa karatasi yake peke yake, na ukigawa mapema, siku ya mazoezi utazikuta zimefungiwa karanga sokoni. Nikasema nitachapa wiki ya mazoezi. Watu wenyewe walikuwa wanatoka mbali, wanafunzi wa zamani wa Mwalimu, wengine Kimamba, wengine wapo kwenye mashamba ya miwa Ruhembe, akina mama wawili wa Malolo.

Katikati ya hapo ndipo ujumbe ukaja. Ulikuwa wa Kiingereza, kati ya matangazo ya mikopo na ya dawa za nguvu. Ulisema wamiliki wapya wanafunga ile huduma ya zamani, na nisipobonyeza pale na kuhamisha akaunti yangu, itafutwa pamoja na vyote vilivyomo. Nikacheka. Niligeuza kichwa nikaitazama karatasi yangu ukutani. Nikamwonyesha na mteja aliyekuwepo, mzee wa bodaboda aliyekuja kulaminisha leseni. Nikamwambia, "Umeona? Hata mimi wananijaribu." Nikaufuta. Ulikuja mara tatu, na mara zote tatu niliufuta.

Wiki ya mazoezi nikawasha kompyuta nichape. Ikaniambia akaunti hiyo haipo.

Nilidhani ni mtandao. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha laini. Nikaandika paswedi polepole, herufi moja moja, kama mtu anayemsemesha mgonjwa. Haipo. Nikawaandikia. Nikajibiwa papo hapo, kumbe ni mashine, ikinishukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao na kunikaribisha nifungue akaunti mpya. Familia! Nilitukana kwa sauti dukani, mimi mwanakwaya, na aliyekuwa anasubiri kopi ya cheti cha ubatizo akatazama chini. Nikaenda ukutani nikaichana ile karatasi. Kesho yake mama mmoja akaja na simu, amebakiza kubonyeza tu, na huyo wake alikuwa tapeli kwelikweli. Nikachapa karatasi nyingine nikaibandika palepale.

Sikumwambia Mwalimu. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Jumamosi ile sikwenda Mikumi, nikapiga simu nikasema mtandao unasumbua. Jumamosi nyingine ya zamu nikasema tumbo. Mazoezi nikayasogeza mbele. Yeye alikuwa anauliza kitu kimoja tu, kama alto wameshaanza kuishika. Nikamjibu kwamba bado, ila wako njiani. Ikabaki wiki moja na siku chache kufika siku ya ibada, nikaona sasa huu ni uchawi, nikapanda basi bila kompyuta.

Alikuwa barazani. Shikamoo, marahaba. Akanyoosha mkono kugusa meza mahali ambapo huwa naweka kompyuta. Mkono ukagusa meza tupu, akaurudisha gotini.

Nikamwambia yote, pamoja na ujumbe, karatasi ya ukutani, na lile tumbo. Lori likapita, tukasubiri, nikamalizia.

"Zote nne?" akauliza.

"Zote nne, Mwalimu. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kuna daftari ndani, kwenye kabati la Mama. Lina kurasa bado." Nikalileta. Kurasa za mbele zilikuwa na mwandiko wa Mama, herufi za mviringo, wino wa bluu. Nikafungua ukurasa mtupu. Akaniimbia soprano, nikaandika huku naimba naye, kama zamani. Haikupotea hata herufi. Besi nayo ikatoka yote. Teno ikatoka. Nikajiona nimeponea tundu la sindano.

Akaanza alto. Akaimba vipigo vinne vya kwanza, akasimama. Akarudia, akasimama palepale. Akaimba njia nyingine, akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya ule wimbo wa Pasaka," akasema. Vidole vyake vikawa vinapigapiga goti. Kisha, kwa mazoea tu, uso wake ukiwa umegeukia upande wangu, akasema:

"Piga tena."

Hakukuwa na cha kupiga. Alikumbuka mwenyewe, sekunde moja baadaye. Nikalia. Yeye hakulia.

Nilipotulia nikamwambia kwamba alto inaweza kutungwa upya. Sikukosea kitaalamu. Ukiwa na sauti tatu, ya nne inajulikana mahali pa kupita, mwalimu yeyote wa kwaya anaijaza kwa nusu saa. Mimi mwenyewe naweza, nimejaza nyingi.

"Najua unaweza," akasema. "Usimtungie."

"Sasa waimbe nini, Mwalimu? Alto wako kumi na mmoja pamoja nami."

"Wasimame mahali pao. Wasiimbe."

Kwenye mazoezi, akina mama wa alto walinijia juu. Yule mkubwa wa Malolo, ambaye akikutania hujui kama anatania, alisema, "Yaani nipande gari mbili kutoka kwetu nije kusimama kama gogo? Si ningetuma gogo." Mwingine akasema soprano watatucheka mpaka Krismasi. Niliwaambia ndivyo alivyosema Mwalimu. Kwa Mwalimu hakuna mjadala, hata akiwa haoni. Wakakubali, ila walinuna, na soprano kweli wakacheka.

Siku ilipofika tulijipanga kandokando ya kaburi, nyuma ya nyumba yake. Saruji ilikuwa bado ya rangi mbichi. Mchungaji akabariki msalaba, Mwalimu akashikwa mkono akasogezwa mbele yetu, karibu, kana kwamba anaongoza. Soprano kulia kwetu, teno na besi nyuma. Sisi katikati. Mimi nafasi ya tatu kutoka kushoto.

Wakaanza. Wimbo ule ni mzuri, nilikuwa sijaujua hivyo nilipokuwa nachapa herufi. Soprano ilikwenda juu, besi ikaenda chini, teno ikawa inazunguka nyuma yetu, na katikati pakawa wazi. Si mimi peke yangu niliyesikia. Hata watoto walikuwa wanatutazama sisi kumi na mmoja, midomo imefungwa, kitambaa kimoja, wakingoja tuingie. Kuna mahali, mstari wa tatu, ambapo sauti zote tatu zinaachana kabisa na mtu anasikia kwamba pale lazima mtu awepo. Hapo yule mama wa Malolo alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma. Nilikuwa nangoja kiwiko. Mtu mzima mimi, nina duka, nilisimama pale nangoja kiwiko cha upande wa kulia.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi wala vigelegele. Mwalimu akanyoosha mkono hewani, nikatoka mstarini nikaushika. Kiganja chake kilikuwa cha baridi ingawa jua lilikuwa kali.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Mwalimu."

"Basi ndivyo nyumba yangu ilivyo," akasema, "kila siku, tangu aondoke."

Kisha akaniomba nimpeleke kivulini, watu waanze kula.